Konstantino Heche, Mgonga Mageti wa Nguzo ya Mwisho

14 Agosti 1958 – 9 Septemba 2025

Kila siku ya kazi, saa kumi na nusu alfajiri, marehemu baba yetu Konstantino Heche alitoka nyumbani kwake na spana mkononi, akapita uchochoroni akigonga mageti ya majirani. Aligonga mara mbili, akasubiri mtu aitikie, kisha akasonga mbele. Aliyeitikia kwa kukohoa tu alihesabiwa kuwa bado amelala, akagongewa tena. Alianza tabia hiyo mwaka 2009, kwa sababu gari la kwanza la Nyamongo liliondoka saa kumi na moja kamili na hakupenda kulisubiri barabarani peke yake. Mwaka 2019 aliacha kazi. Kugonga hakuacha. Alivaa viatu vyake vya kazi, akagonga mageti yote, akarudi ndani kunywa chai.

"Baba Juliana," mama alimuuliza, "sasa wewe unakwenda wapi?"

"Mimi siendi popote. Wao ndio wanakwenda."

Ndugu zetu wa hapa Susuni, ambako leo tunamlaza karibu na baba yake, wengi wenu hamkuwahi kufika Nguzo ya Mwisho. Mlisikia tu kwamba Konstantino amenunua kakiwanja pembeni ya mji wa Tarime, na wengine mlimhurumia kwamba ameacha boma pana la wazee akaenda kubanana na watu asiowajua. Hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Naomba mnisikilize, mimi binti yake wa kwanza, niwaeleze alikuwa anaishi wapi na alifanya nini huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa hapa Susuni, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Heche na mama Rhobi. Alikua akichunga. Alikuwa akituambia kwamba utotoni mwake hakuwahi kusikia mtu anapima njia. Ng'ombe walipita, na pale walipopita palikuwa njia, na hakuna aliyethubutu kupanda kitu hapo kwa sababu kesho yake kingeliwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Susuni kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Darasa la sita alichaguliwa kuwa mpiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na kipigio chake kipande cha nondo. Siku moja alipitiwa na usingizi, na shule nzima ikachelewa, hata walimu. Mwalimu mkuu hakumchapa. Alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia, "Heche, leo umelala wewe, tumelala wote." Baba alisema angeona afadhali fimbo, kwa sababu fimbo angeisahau.

Mwaka 1976 alikwenda Musoma kujifunza ufundi wa kuchomelea vyuma, akamaliza mwishoni mwa 1977. Alifanya kazi katika karakana mbalimbali za Musoma kwa miaka ishirini. Mwaka 1998 alirudi Tarime, akajiajiri jirani na stendi. Kuanzia 2003 hadi 2019 alikuwa fundi katika karakana moja ya Nyamongo, akitengeneza karasha za wachimbaji wadogo, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Siku za Jumapili alitengeneza mageti. Ukipita Nguzo ya Mwisho ukaona geti lenye jua la chuma lililochomoza nusu kwenye kona ya juu, hilo ni la kwake.

Alikutana na mama yetu, Domitila, mwaka 1979, alipotumwa Natta kutengeneza mashine ya kusaga nafaka. Alifika Jumatatu akawaambia akina mama waliopanga ndoo zao kwamba ni kazi ya nusu saa. Jumatano bado alikuwa amelala chini ya mashine. Mama, ambaye alikuwa amerudi na ndoo ile ile kwa siku ya tatu, aliinama akamuuliza, "Wewe fundi, kibovu ni mashine au ni wewe?" Naye akajibu kutoka chini, "Mashine ilipona jana." Walifunga ndoa kanisani Natta tarehe 20 Desemba 1980. Mungu aliwajalia watoto watatu: mimi Juliana mwaka 1982, Benedicto mwaka 1985, na Happy mwaka 1991.

Mwaka 2008 wazazi wetu walinunua kiwanja kilomita nne kutoka mjini, upande wa barabara ya Nyamongo. Nguzo za umeme zilikuwa zinaishia hapo, ndiyo maana pakaitwa Nguzo ya Mwisho. Siku hizi nguzo zimekwenda mbele sana, ila jina limebaki. Palikuwa shamba la mihogo, na mwenye shamba aliuza vipande kwa hatua, ishirini kwa ishirini. Hatua zilikuwa za miguu yake mwenyewe, na alikuwa mtu mfupi. Mnunuzi akiuliza barabara itapita wapi, alinyoosha mkono kuelekea chini kwenye mihogo akasema, "Ipo."

Waliokuja walikuwa watu wa kila namna. Kulikuwa na walimu walioajiriwa karibuni, manesi, madereva, akina mama wanaouza bidhaa Sirari mpakani, na wachimbaji waliotoka Geita, Shinyanga na Simiyu kufuata dhahabu. Tulichofanana ni kwamba viwanja vya mjini vilitushinda. Tulihamia kwenye nyumba zisizo na dari, madirisha yakizibwa kwa mabati, tukazimalizia kidogo kidogo. Kuna nyumba pale ilipigwa lipu ukuta mmoja kila mwaka, na mwenye nyumba alikuwa akifanya sherehe kwa kila ukuta.

Jambo ambalo mtu wa Susuni hawezi kuliona haraka ni hili: mtaa wetu hauna watu mchana. Tunaondoka kabla ya mwanga, tunarudi jua likiwa limezama. Mimi niliishi pale miaka sita nikifundisha mjini, na kuna majirani niliowajua kwa sauti na kikohozi tu, ambao siku nilipowaona juani niliwaamkia kama wageni. Tulikutana Jumapili, kila mmoja kwenye rundo lake la mchanga, tukisalimiana huku tunachanganya udongo na saruji. Niliwahi kudhani hayo ni maisha ya upweke. Baba hakudhani hivyo. Alisema watu wanaoamka pamoja ni jamaa, hata kama hawali pamoja.

Lakini kwa sababu hatukuwapo mchana, hatukuona barabara inavyopotea. Jumapili moja mtu alipanda minyaa ya uzio nusu hatua nje ya mpaka wake, akiamini ni yeye peke yake aliyefanya hivyo. Jumapili iliyofuata wa ng'ambo akafanya vile vile. Mwingine akasogeza choo, mwingine jiko. Ilipofika mwaka 2012, ile barabara iliyoonyeshwa kwa mkono ilikuwa uchochoro wa mtu mmoja na ndoo yake ya maji. Na karibu kila nyumba ilikuwa na geti la gari, kwa sababu kila mtu alitaka geti la gari, na baba ndiye aliyeyachomelea. Watu walimtania, "Fundi, hayo magari yatatoka juu?" Naye alicheka, akapokea kazi nyingine.

Mwezi Julai mwaka huu, aliponiambia nianze kuandika wasifu wake, aliniagiza hivi: "Usiniandike malaika. Andika na ile minyaa." Kwa hiyo naiandika.

Verdiana alikuwa jirani yetu, akiuza vitenge Sirari na kuishi nyumba ya mwisho kabisa chini ya uchochoro. Alifariki tarehe 3 Machi 2012, na alikuwa mtu wa kwanza kufia Nguzo ya Mwisho. Tulipotoa jeneza kwenda barabarani ambako lori lilikuwa linasubiri, wabebaji walilazimika kupita mmoja mmoja, wengine wakisukuma kwa nyuma. Penye kona ya nyumba yetu jeneza lilikwama. Kona hiyo ilikuwa ya minyaa ya baba, ambayo aliipanda kwa mkono wake hatua moja na nusu ndani ya njia. Vijana walilinyanyua jeneza juu ya vichwa, likainama, na watu wakapiga kelele. Mama yake Verdiana, mzee aliyetoka Mbalibali kuja kumchukua mwanawe, alisimama pale pale. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Mlimuingizaje humu mwanangu, kama hamwezi kumtoa?"

Baba alikuwa mmoja wa wabebaji, na mkono wake ulikuwa umebanwa kati ya jeneza na minyaa yake mwenyewe.

Kesho yake hakwenda kazini. Alichukua panga na sururu, akang'oa uzio wote wa upande ule. Utomvu wa minyaa ulimwingia machoni, akakaa siku mbili ndani haoni, mama akimwosha kwa maji na maziwa. Siku ya tatu aliinuka akavunja kona ya jiko. Mama alisimama mlangoni na sufuria yake.

"Sasa nitapikia wapi?"

"Popote. Ila si barabarani."

Kutoka Nyamongo alileta bomba la chuma, akalikata mita tatu na nusu. Alisema huo ndio upana unaotosha lori, au jeneza na watu wawili wanaotembea bila kugusana na uzio. Kila Jumapili baada ya ibada alilibeba bomba hilo kwa upana, yeye huku na Benedicto kule, wakashuka nalo uchochoroni. Pale lilipokwama, waliliweka chini, baba akabisha hodi. Aliketi, akanywa maji, akaulizia watoto. Mwisho ndipo alisema, "Bomba langu limekwama kwako." Aliyekubali kurudisha uzio alisaidiwa na baba kung'oa, na geti lake likahamishwa bila malipo. Wapo waliomfukuza. Mmoja alimwambia aende kupima barabara za kwao Susuni. Baba alimjibu kwamba za Susuni zilishapimwa na ng'ombe, akarudi Jumapili iliyofuata. Kazi hiyo ilimchukua miaka tisa. Kufikia 2021 kila nyumba ilikuwa imerudi kwenye mpaka wake, isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa ya Limbu, na ilikuwa mdomoni kabisa, pale uchochoro unapokutana na barabara kuu. Limbu alikuja kutoka Maswa mwaka 2011 kuchimba dhahabu, akajenga vyumba viwili vya kupangisha ndani ya njia, kwa tofali za kuchoma. Vyumba vile vikiwa bado vimesimama, kazi ya miaka tisa ilikuwa bure. Gari lisingeingia hata tungebomoa mtaa mzima. Yupo hapa leo na ameniruhusu niyaseme haya. Hata hivyo amesema nisiongeze chumvi.

"Limbu," baba alimwambia siku moja mwaka 2023, na nilikuwepo, "vyumba vyako vimekaa barabarani."

"Barabara iko wapi, mzee? Mimi naona uchochoro."

"Ni uchochoro kwa sababu ya vyumba."

"Mimi siyo wa hapa. Nikipata mawe mazuri narudi kwetu Maswa. Barabara ni ya ninyi Wakurya mnaokaa."

"Mura, kijana wangu, una miaka kumi na miwili unaondoka. Mbuzi wako wameshapata wajukuu hapa."

Limbu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, wewe ipo siku utaniua kwa maneno."

"Siwezi kukuua," baba akasema. "Nani atakutoa?"

Hawakuwa maadui. Kwa kuwa nyumba ya Limbu haikuwa na geti upande ule, baba alimgongea ukuta kwa jiwe. Alijua zamu zake zote za machimboni, wiki ya asubuhi na wiki ya usiku, kuliko Limbu mwenyewe alivyozijua. Limbu alipomwambia asijisumbue, kwamba simu yake ina kengele, baba alimjibu, "Simu ukiibonyeza inanyamaza. Njoo unibonyeze mimi uone."

Mwezi Novemba 2024 baba alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na madaktari wakatuambia moyo wake umechoka kusukuma damu. Alitumia dawa, akaendelea kugonga, ila spana ilibadilishwa ikawa ufunguo wa kawaida kwa sababu ilikuwa nzito. Jumanne tarehe 6 Mei mwaka huu alizidiwa asubuhi, mtaa ukiwa mtupu kama kawaida. Bajaji iliishia barabara kuu. Benedicto alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akaita vijana wawili wa bodaboda, na wa nne alikuwa Limbu, aliyetoka zamu ya usiku muda si mrefu. Walimbeba. Njia yote walikwenda vizuri, wawili huku na wawili huku, mpaka kwenye vyumba vya Limbu. Hapo hawakupita. Ilibidi wainamishe kiti, na baba akaegemezwa kwenye tofali akitafuta pumzi. Akasema, neno moja moja:

"Taratibu, vijana. Msichubue ukuta wa watu."

Bodaboda walicheka. Limbu hakucheka. Benedicto anasema alikuwa anautazama ukuta ule kama kwamba kuna mtu mwingine aliyeujenga.

Baba alilazwa wiki mbili, akarudi. Jumapili tarehe 15 Juni tulisikia nyundo. Limbu alikuwa amewahamishia wapangaji wake vyumba vya uani, na sasa alikuwa juu ya ukuta, anabomoa kwa mikono yake. Baba alitoka na kiti chake akakaa kivulini kumtazama. Limbu akapaza sauti kutoka juu:

"Shikamoo mzee! Nimechoka kugongewa ukuta. Nitengenezee geti."

"Marahaba. Wewe si unaondoka?"

"Naondoka. Geti litabaki."

Hilo lilikuwa geti la mwisho la Konstantino Heche. Alilichomelea akiwa ameketi, Benedicto akimshikia vyuma, na kila alipochoka walipumzika pamoja. Lilimalizika Jumamosi tarehe 26 Julai, na jua lake liko kwenye kona ya juu. Kesho yake bomba lilishushwa kutoka barabara kuu hadi nyumba aliyoishi Verdiana, Limbu upande mmoja na Benedicto upande wa pili, na halikugusa kitu. Baba alikuwa kwenye kiti chake.

"Rudieni," akasema.

Wakarudia. Akawarudisha mara ya tatu, mpaka Limbu akasema, "Mzee, barabara haijaliwa na mtu tangu tulipopita sasa hivi."

Jumapili tarehe 7 Septemba alizidiwa tena. Jirani yetu mwalimu alileta gari lake, likaingia likafika mlangoni, na ninyi mnaoishi kwenye maboma mapana huenda msijue hilo ni jambo gani. Tulipomweka kwenye kiti alituomba tusiondoke kwanza. Alitazama nje kulia, akatazama kushoto, akasema, "Twende." Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na siku ishirini na sita.

Jana mwili wake ulilala nyumbani kwake. Leo asubuhi lori liliingia hadi chini, lakini majirani walikataa lisogee mlangoni. Walisema watambeba wenyewe mpaka barabara kuu. Walikuwa sita, watatu kila upande, na jeneza lilikwenda limenyooka kutoka mlangoni hadi mwisho. Mbele kushoto alikuwa Limbu. Jua lilikuwa limeshatoka, na kwa mara ya kwanza mtaa wetu ulikuwa na watu wote, tukaonana sura. Yule mama wa Mbalibali ameshatangulia, la sivyo ningependa awepo. Swali lake lilichukua miaka kumi na tatu, lakini limejibiwa.

Marehemu ameacha mjane, Domitila, watoto watatu, Juliana, Benedicto na Happy, wajukuu saba, mdogo wake Zablon na dada zake wawili hapa Susuni, na nyumba ishirini za Nguzo ya Mwisho, ambazo kuanzia Jumatatu zitalazimika kuamshana zenyewe. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, na tunaomba ampe usingizi ule ambao alfajiri za duniani hazikumpa.

Jioni ya Jumatatu tarehe 8, nilikuwa nimekaa kitandani pake hospitalini. Nilidhani amelala, nikainuka taratibu niondoke. Akanishika kidole.

"Kesho Limbu anaingia zamu ya asubuhi," alisema. "Mgongee. Na ugonge geti, siyo ukuta."